Akaunti ya Emmaculate

Jumatatu, 3 Novemba

Balaa! Nimewasha kompyuta, nimeikuta imejiapdeti yenyewe. Nani kaituma? Sasa haifunguki mpaka niingie kwenye akaunti. Nimeandika paswadi. Ikakubali, kisha ikasema imetuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye akaunti.

Mwenye akaunti si mimi. Ni Emmaculate.

Tulikuwa na studio moja hapa Mikindani, yeye na mimi Munga, wahariri wa video. Alipohamia Changamwe kufungua yake, aliniachia kompyuta hii, na akaunti yake ikabaki ndani, pamoja na programu ya kuhariri anayoilipia kila mwezi. Hakuuliza. Sikumkumbusha. Tangu hapo nahariri mgongoni mwake, naye hana habari. Akili hiyo!

Lakini harusi ya bintiye Mzee Kitsao lazima iwe tayari Jumamosi. Mamake mzee ni mgonjwa, hainuki kitandani, hakuiona harusi ya mjukuu wake. Kila siku auliza filamu i wapi. Hali yake, wanasema, si ya kusubiri.

Kumwomba Emmaculate? Nimeshawaambia watu wote kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Siendi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda Magogoni kwa shemeji yangu Boga, fundi wa simu. Picha za harusi nimezibeba kwenye diski. Boga akaniwekea kwenye kompyuta yake programu aliyoiita ya mkato, isiyouliza maswali.

Kweli haikuuliza. Ila imeandika TOLEO LA MAJARIBIO kwenye paji la uso la bibi harusi. Kwenye maombi imemfunika mchungaji mzima. Boga akasema wengi watadhani ni mapambo.

Baada ya chakula cha mchana ikagoma kufunguka. Yataka akaunti. Hata ya wizi yataka akaunti!

Jumatano, 5 Novemba

Mpango kabambe. Boga aende studio ya Emmaculate kama mteja, aombe simu ampigie mkewe. Mimi nyumbani nibonyeze kuingia, namba ya siri ifike kwenye simu ile, Boga anisomee.

Akanipigia. Akaniita mpenzi. Akanisomea namba kwa sauti nyororo, na kila akifika ya nne lori linapiga honi. Nikajaza saba. Nikajaza sita. Nikajaza tisa. Akaunti imefungwa mpaka kesho.

Boga amerudi jioni ameshiba mahamri na chai ya Emmaculate. Ati alimwonyesha video ya mazishi aliyoihariri, akalia. Nimemuuliza kama nilimtuma kulia. Akasema hata mimi ningelia, ingawa marehemu simjui.

Alhamisi, 6 Novemba

Sina njia. Nimekwenda Changamwe mwenyewe. Nikamwambia Emmaculate nimepita tu, nione anaendeleaje, nimpe mashauri mawili matatu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mke wa Boga hajambo? Zile namba alizipata?"

Nikakaa.

Kumbe kila nikifungua kazi, simu yake humwambia. Tangu siku ya kwanza! Nikamuuliza mbona hakunitoa.

"Ningekutoa, ungehariri na nini, buda?"

Hakusema kwa dharau. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia yote, mpaka habari ya mamake Kitsao. Hapo akaacha kutabasamu, akavuta kiti.

Kompyuta yake ya kazi, wallahi, ni ya kutamaniwa, na si kwa upya. Programu ya humu si ile ya kila mwezi: aliinunua mara moja, ikawa yake. Waya wa mtandao hauigusi. "Kazi ya mteja ikiwa mezani, mashine yangu haiongei na mtu," akasema. Akishakabidhi kazi ndipo huiruhusu kujiapdeti, kisha huijaribu kabla ya kupokea nyingine. Nimefanya kazi karibu na mtu huyu miaka, sikuwahi kuliona hilo.

Akatazama harusi yangu kwenye diski niliyoibeba. Nilikuwa nimeweka nyota, moyo unaopasuka, na maharusi wakiruka juu ya Daraja la Nyali. Akaniuliza nani ataitazama. Nikasema ajuza, mgonjwa. Akazifuta nyota, moja moja.

Halafu akachimbua kipande nilichokitupa: Mzee Kitsao anamtengenezea binti leso begani. Leso imekaa sawa, lakini mkono hauondoki. Hapo mimi ningekata. Yeye akaacha. Muziki akauzima. Ukasikika mvumo wa watu tu, na mkono ule.

Nikageukia dirishani. Nikasema malori ya hapa yana vumbi.

Kabla sijaondoka akanifungulia akaunti yangu mwenyewe, kwa namba yangu. Mwezi wa kwanza ni bure, akasema, baadaye nilipie kama watu.

Jumamosi, 8 Novemba

Bibi amekalishwa kwa mito. Nimeishika kompyuta mbele yake. Katika ngoma alitikisa kidole. Ulipofika mkono wa Kitsao, akakiegemea kioo.

"Huyu mwanangu analia," akasema. "Tangu utotoni, akilia hafungui mdomo."

Kitsao alikuwa nyuma yangu. Hakufungua mdomo.

Bibi akataka irudiwe. Ikarudiwa. Hakuna aliyetoka chumbani. Mwisho Kitsao akauliza ni nani aliyeifanya kazi hii. Nilikwishajaza pumzi niseme ni mimi. Nikajisikia nikisema: Emmaculate, wa Changamwe. Hapana kama yeye pwani hii.

Nikaongeza upesi kuwa nilimfundisha mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza. Mwezi wa kwanza bure kwa kila mteja mpya. Kila mteja mpya! Hata mwerevu kama Emmaculate hakuliona hili.

Nimeifuta akaunti aliyonifungulia. Nimefungua nyingine kwa namba ya mama mkwe, Kaloleni. Mwezi ujao, mjomba. Kisha shangazi zangu wote. Ukoo wetu ni mkubwa, nitastaafu kabla haujaisha.

Mama mkwe hasomi ujumbe, hata wa namba ya siri, na simu yake hushika mtandao akiwa kisimani tu. Nani atanigundua?

Nimepokea harusi nyingine. Wanaitaka kesho kutwa.