Kofia ya Kupimia Chawa

Singa alikuwa amejiegemeza kwenye geti la shule, hana mbele wala nyuma, anatafuna njiti ya kiberiti, alipomwona mama mmoja akitoka na binti yake huku uso umemshuka kwa aibu. Mama mwingine aliyekuwa anaingia akamvuta mwanawe upande wa pili, kama anayekwepa shimo.

"Vipi, ana nini yule?" Singa akamuuliza bawabu.

Bawabu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Chawa. Darasa zima limerudishwa nyumbani. Usimwambie mtu."

Singa hakumwambia mtu. Aliuambia mtaa mzima.

Jina lake alilipata kwa nywele zake. Zilikuwa nyeusi, laini, za mawimbi, zimeshuka mpaka mabegani, na kila alipotaka kukubaliwa jambo alizirusha nyuma kwa mkono mmoja. Elimu hakuwa nayo, duka hakuwa nalo, na haya, tusimsingizie, hakuwahi kuwa nayo. Nywele ndizo zilikuwa mtaji wake wote. Mtu mwenye nywele za namna ile akikuambia jambo kuhusu kichwa chako, utabishana naye kwa lipi?

Kesho yake akatokea na koti jeupe la kuazima, kikapu cha chupa, na mtambo. Mtambo wenyewe ulikuwa kofia ya sufu iliyoshonewa nyaya na kitaa chekundu, swichi kaificha mfukoni. Katika nyumba ya kwanza alianza kwa kuivaa yeye mwenyewe ili watu wasiogope. Kitaa kimya. Kisha akamvika mwenye nyumba, na kitaa kikawaka.

"Mama, una wageni."

"Mimi? Mimi naoga mara mbili kwa siku!"

"Ndiyo maana wamekupenda. Chawa wa siku hizi wanaruka, mama yangu. Wanatoka pale saluni, kwenye taulo za yule msusi, jioni wanapita dirishani hao!"

"Yule msusi? Na nilivyomwamini!"

"Usimlaumu, hajasoma. Nikuwekee chupa ngapi?"

Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya bomba na marashi kidogo, yakatiwa rangi ya buluu ili yaonekane yamesoma.

Sasa, kwa faida ya msomaji ambaye ameshaanza kujikuna, chawa hana mabawa, wala kuruka hajui. Anatambaa tu, maskini. Akitaka kuhama hungoja vichwa viwili vigusane, au apate lifti ya kitana, ya mtandio, ya mto wa kulalia. Au ya kofia. Na hapa palikuwa na kofia ya sufu, haijafuliwa tangu ishonwe, inatoka kichwa hiki na kuingia kile, nyumba kwa nyumba, bila nauli. Walipanda kwa wingi.

Wiki ya kwanza watu walijikuna kwa wasiwasi. Wiki ya pili walijikuna kwa haki. Wakamrudia Singa wakitaka chupa zaidi, naye akaamini kwa dhati kwamba ana kipaji. Saluni ya msusi ikabaki tupu, viti vinatazamana.

Ndipo mwalimu mkuu alipomwita ofisini. Alikuwa mama mwenye sauti nzito na nywele zilizoanza kumkimbia utosini.

"Jumatatu utapima shule nzima," alisema. "Wazazi watalipa kwangu, halafu mimi na wewe tutaelewana. Lakini uje na hizo nywele zako. Wazazi wanataka kuona nywele."

"Mwalimu, bila hizi mimi nani?" Singa akazirusha nyuma.

Alhamisi, akiwa anakunywa chai na kuipigia hesabu Jumatatu yake, alijikuna nyuma ya sikio. Kitu kikadondoka juu ya koti jeupe, kikaanza kutembea taratibu kuelekea mfukoni. Singa aliruka kiti kikaanguka. Akajimiminia chupa mbili nzima za dawa yake, akasahau kabisa kwamba aliijaza mwenyewe bombani. Kichwa kikamwasha vilevile, ila sasa kilinukia.

Akaingia saluni kwa mlango wa nyuma.

"Dada, nifichie aibu."

Msusi alimjua tangu mlangoni, lakini uso wake haukusema kitu. "Aibu gani, kaka yangu? Kaa hapa." Akazigawa nywele kwa mkia wa kitana, akachungulia, akaguna. "Mh. Pole."

"Pole ya nini?"

"Hawa ni wale wakaidi."

"Kuna wakaidi?"

"Si wewe ndiye daktari?"

Singa akajinyoosha kitini. "Nawajua. Nakupima tu."

"Basi unajua wana mizizi. Hakuna dawa, ni kunyoa. Leo."

"Dada, Jumatatu nina kazi, na kazi yenyewe inataka nywele!"

"Nenda nazo. Wazazi watawaona wakishuka kwenye paji la uso."

Alilia kweli, si machozi ya biashara. Msusi akazisuka kwanza, mikia minene, akafunga kila mmoja kwa uzi juu na chini. "Wasitoroke," alieleza. Kisha akakata. Singa akamshukuru, akamlipa, akashika njia na kichwa kinachong'aa.

Jumatatu alifika shuleni ameivaa ile kofia yake ya nyaya, maana kofia nyingine hakuwa nayo. Mwalimu mkuu akamvua.

"Nywele ziko wapi?"

"Mwalimu, chawa wakaidi wana mizizi, lazima mtu anyoe..."

"Wakaidi gani? Msusi amenieleza yote, na kazi nimempa yeye. Nywele zinapakwa mafuta, zinachanwa kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, unarudia mpaka mayai yaishe. Kila mtoto kofia yake na kitana chake, foronya kwenye maji ya moto. Hakuna kunyoa mtu."

"Hakuna kunyoa?"

"Kwa nini mtu apoteze nywele nzuri?"

Hapo ndipo Singa alipomtazama vizuri. Utosi ulikuwa umefunikwa. Nywele nyeusi, laini, za mawimbi, mpaka mabegani, wigi jipya kabisa limeshonwa kwa mkono wa fundi. Akainua mkono azirushe zile zake nyuma, mkono ukapita hewani. Mwalimu mkuu akazirusha.

Alitoka getini kichwa wazi, jua linamchoma mahali ambapo halikuwahi kumfikia. Mama mmoja aliyekuwa anaingia akamvuta mwanawe pembeni.

"Ana nini yule?" akauliza.

Bawabu akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Chawa," alisema. "Usimwambie mtu."