Uso Wangu kwenye Bango la Maji

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku njema. Nimepata sababu ya kuvaa koti.

Watafiti wamefika mtaani kwetu. Kiongozi wao ni Daktari Uwineza, mwanamke mwembamba aliyesomea miamba na maji yake. Mwenzake ni Régis, mchoraji wa mabango ya afya, bwana mwenye upara na kalamu nyuma ya kila sikio. Walitukusanya mbele ya ofisi ya mtaa. Daktari alieleza kwamba maji ya chemchemi yetu hupita katika miamba ya volkano na kutoka na floridi nyingi kupita kiasi. Ndiyo sababu meno ya watoto wengi hapa yana madoa ya kahawia. Ameleta ndoo zenye utando, mwembamba kama karatasi, uliopakwa udongo maalumu unaoishika floridi maji yanapopita. Kaya chache zitazijaribu.

Hayo yote ni mazuri. La maana lilitajwa mwishoni. Kutakuwa na bango. Litakuwa na picha ya mtu halisi wa mtaa huu, na litabandikwa katika kila kituo cha afya kuanzia hapa mpaka Bugeshi.

Mtu huyo ni mimi. Bado hawajaambiwa.

Habiyaremye alikuwa mstari wa mbele, kidevu juu. Huyu ni jirani yangu, dereva mstaafu wa malori. Mwaka juzi alipigwa picha akiwa ameshika kiazi, kwa ajili ya kalenda ya ushirika wa viazi. Tangu siku hiyo husalimiwa kabla yangu. Mimi, Mwalimu Sebagabo, niliyefundisha Ngara, ng'ambo ya mpaka, kabla ya kurudi nchini na niliyefundisha hapa baada ya kurudi. Katika harusi ya binti wa Kaltumu yeye aliketishwa karibu na maharusi. Mimi niliketishwa karibu na jenereta.

Mtu hawezi kuishi hivyo.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kumwonyesha Daktari kwamba mimi pia ni mtu wa miamba.

Nilikusanya mawe bustanini, nikayapanga juu ya sinia, nikayafunika kwa kitambaa cheupe. Daktari alipofika nilifunua. Lilikuwamo moja la kijivu, lenye kokoto ndani yake, nililolipa jina la moyo wa volkano. Aliligeuzageuza. Akasema kwa upole kwamba lile ni zege. Nilimwuliza ni la zama gani. Akasema la zama za fundi aliyejenga choo changu.

Hata hivyo alicheka, na mtu hamsahau aliyemchekesha. Kaya yangu imo katika majaribio. Mke wangu, Mukantwari, anasema ilikuwamo tangu juzi. Hayo ni maoni yake.

Kaya ya Habiyaremye imo pia. Aliwapelekea watafiti viazi vya kuchemsha. Rushwa ya moto kabisa.

Ijumaa, 6 Juni

Ndoo zimegawiwa. Daktari alieleza namna ya kuutunza utando. Sikuyasikia maelezo yote, kwa kuwa Régis alikuwa anapiga picha na mimi nilikuwa natafuta upande wenye mwanga. Uso wangu hutazamwa vizuri kutoka kushoto. Mukantwari alisikiliza. Kila nyumba inatoshwa na msikilizaji mmoja.

Nyumbani alinieleza: utando ukichafuka humiminiwa maji safi polepole, basi. Nilimwambia hakuna chombo kilichopata kutakata kwa kumiminiwa maji. Yeye amekulia Goma, na huko sufuria husuguliwa kwa jiwe la volkano mpaka mtu ajione meno. Hapa kwetu ni vilevile. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Papa Jovia, hii si sufuria." Nilimjibu kwamba uvivu hauna kabila.

Jambo moja nililisikia vizuri. Daktari atapita Alhamisi kukagua. Kaya itakayokuwa imeutunza utando vizuri kuliko zote ndiyo itakayotoa mtu wa bango.

Sasa naiona njia.

Jumatatu, 9 Juni

Utando ulikuwa mweupe. Sasa una rangi ya chai ya maziwa. Aibu.

Nilipanda tofali ili nichungulie kwa Habiyaremye kupitia juu ya ua. Wake nao ni chai ya maziwa. Ameuacha hivyo hivyo, anakula mahindi kando yake bila wasiwasi. Kaltumu, mshonaji anayefanyia kazi barazani upande wa pili wa njia, aliniona. Akasimamisha cherehani ili mtaa mzima usikie, akauliza, "Mwalimu, we unatafuta kuku kwa watu?" Nilimjibu kwamba nakagua uimara wa ua. Akasema ua ni imara, tofali ndilo linalolia.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimetenda.

Mukantwari alikwenda sokoni. Nilichukua jiwe tunalosugulia visigino, amakoro halisi la volkano, jeusi, lenye matundu, lililoshuka mlimani kabla hatujazaliwa. Nililichemsha kwanza, maana mimi ni mtu wa usafi. Kisha niliusugua utando kwa mduara, kutoka katikati kwenda ukingoni, jinsi tulivyosugua sahani za bweni. Rangi ya chai iliondoka. Kiliondoka na kitu kingine cheupe kama unga. Nadhani ni uchafu wa zamani zaidi.

Matokeo ni makubwa. Kabla ya leo ndoo ilidondosha tone moja moja, kama mtu anayelia kwenye msiba wa jirani asiyempenda. Sasa maji yanapita kama bombani. Habiyaremye amesubiri tangu asubuhi kujaza jagi. Mimi nimejaza jagi, birika na beseni, na yaliyobaki yamemwagilia maua.

Nilimwita aje aone. Alitazama kwa muda mrefu, mikono mgongoni. Akasema, "Mwalimu, ya kwako iko inapita mbio sana." Nilimwambia kila utando hufuata tabia ya mwenyewe. Akaondoka bila kuaga. Wivu ulikuwa umemfika hadi masikioni.

Mukantwari aliporudi aliitazama ndoo, akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Akaenda kulala mchana. Hajawahi kulala mchana.

Alhamisi, 12 Juni

Ukaguzi.

Daktari alianza kwa Habiyaremye, akaja kwangu na chupa zake ndogo. Alitia dawa ya kupimia katika maji ya Habiyaremye. Yalibadilika rangi kidogo tu, kwa uchovu. Alitia katika maji yangu. Yalibadilika kwa nguvu zote. Kisha alipima maji yaliyochotwa moja kwa moja kwenye chemchemi, nayo yakawa na rangi ileile ya kwangu. Nilimpongeza. Nilisema maji yangu hayakupoteza hata chembe ya asili yake.

Aliomba kuuona utando. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, na sote tukamwona Régis kupitia ndani yake.

Daktari aliniuliza nimeufanya nini. Nilimwonyesha jiwe. Akaomba kiti. Mukantwari akasema, "Docteur, mi nilimwambia. Bon, huyu mutu hasikiake." Nilimwomba aache kumchosha mgeni.

Daktari alieleza kwamba nimeuvua utando ule udongo wake wote na kuutoboa mahali pengi. Nilimwuliza kama kaya nyingine yoyote imefika mbali hivyo. Akakiri kwamba hakuna.

Hapo ndipo Régis alipoamka. Aliniomba nilishike jiwe mkono wa kulia na utando mkono wa kushoto, nisugue tena vilevile. Alipiga picha nyingi, zote kutoka kushoto, bila kuambiwa. Kwa Habiyaremye alikuwa amepiga chache, na baadhi zilikuwa na mbuzi.

Jumamosi, 28 Juni

Leo ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulizibua mtaro, kisha tukakaa kwenye mkutano na makoleo yetu. Régis alikuwa ameleta mabango mawili. Alieleza kwamba bango jema ni lile ambalo mtu asiyejua kusoma hulielewa kabla hajaelezwa. Watu wa mtaa ndio watakaochagua.

Alionyesha la kwanza. Habiyaremye anamimina maji polepole juu ya utando, ametabasamu. Régis aliuliza tunaona nini. Mzee mmoja alisema ni tangazo la viazi. Mwingine alikataa, akasema hapana, pale viazi vinaoshwa. Mama mmoja akauliza kilo inauzwa vipi. Habiyaremye aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti za mpira.

Kisha la pili. Mimi. Uso wote, jiwe mkono huu, utando mkono ule, na juu ya picha mistari miwili myekundu iliyokatana kama X.

Régis hakupata hata nafasi ya kuuliza. Uwanja mzima ulisema kwa pamoja kwamba utando hausuguliwi kwa jiwe. Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia juu ya jembe lake alifumbua macho, akasema, "Hapana kufanya kama Mwalimu," akasinzia tena. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kueleweka haraka hivyo.

Kaltumu hakukosa neno. Alisema, "Mwalimu, wamekutia ile alama ya nyumba za kubomolewa. Sasa wanakubomoa lini?" Watu walicheka mpaka wakaegemea makoleo. Nilimweleza kwamba alama imewekwa kwa ajili ya jiwe. Ni kweli mstari mmoja unapita puani, lakini hilo ni suala la nafasi.

Wote walilichagua la pili. Hata Habiyaremye aliinua mkono. Nadhani alishindwa na ukubwa wa jambo lenyewe.

Daktari naye alinivuta kando. Alisema utando wangu wameuchunguza kwa hadubini, na sasa wanajua udongo lazima upakwe upya kwa namna imara zaidi, kwa kuwa watu ni watu. Yatasemwa hayo katika ripoti ya utafiti. Kwa hiyo nimeisaidia pia sayansi. Nilimwambia asione haya kunitaja.

Njiani kurudi nyumbani Mukantwari aliniuliza kama nimeelewa bango linasema nini. Nilimjibu kwamba bango halisemi. Bango linaonyesha. Linanionyesha mimi.

Jumanne, 8 Julai

Mabango yamebandikwa. Nilivaa koti, nikaenda kituo cha afya cha Nyundo kujitazama.

Kituo kilikuwa na watu wengi. Nilisimama chini ya bango, si karibu sana. Watu walilitazama bango, wakanitazama mimi, wakalitazama bango tena. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo mpya aliihamishia upande wa pili wa mwili wake na kuifunika kwa kitenge. Wa pili alifanya hivyo. Wa tatu akaikalia. Sijaona heshima ya namna hiyo hata askofu anapopita.

Wanaume wawili walinisalimia kabla ya kumsalimia nesi.

Jumapili kulikuwa na harusi. Niliketishwa mstari wa mbele, na bwana harusi mwenyewe aliomba tupigwe picha pamoja, nikiwa nimeshika sahani na kijiko kwa mtindo wa bango. Habiyaremye aliketi kule kwenye jenereta. Nilimpungia mkono. Hakuitikia salamu, lakini kule hakuna anayesikia kitu.

Jumatano, 16 Julai

Bugeshi. Baridi inayouma vidole, volkano imetuinamia, viazi kila upande.

Mimi ndiye niliyeitwa. Nesi Nishimwe wa kituo kimoja cha huko alimwambia Daktari kwamba watu wake wanalitazama bango na kusema mtu wa namna hiyo hayupo, amechorwa tu. Kwa hiyo akaomba aletewe mtu mwenyewe.

Akina mama walikuwa wamekaa uani, ndoo zao magotini. Nilipoingia wote waliinua macho. Mmoja akanong'ona kwa mwenzake, "Ni yeye. Ni ule wa kwa bango. Hata pua ni ile." Mwenzake akasema, "Ao ni ndugu yake?" Nilijigeuza kushoto. Shaka yote ikaisha.

Nesi alikuwa ameweka mezani utando mmoja uliochakaa na mmoja mpya wa kituo. Aliniomba nichukue ule uliochakaa, niwaonyeshe watu lile jambo ambalo hawapaswi kulifanya kamwe. Jiwe liliokotwa hapo hapo mlangoni.

Nilisugua kwa mduara, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila haraka. Chai ya maziwa iliondoka. Unga mweupe ulidondoka juu ya kiatu changu. Nesi alimimina maji, yakapita kama bombani. Aliwauliza kama wameona. Wakasema wameona. Kisha bibi mmoja alianza kupiga makofi, na ua mzima ukamfuata, wengine wakishika ndoo kwa mkono mmoja na kupigia makofi mapaja.

Makofi. Kalenda ya viazi haijawahi kupigiwa makofi.

Nesi aliwageukia watu kuwashukuru na kuwaaga. Aliporudisha macho mezani, mimi nilikuwa nimeshausugua ule utando mpya, nakaribia ukingoni.