Tairi Alizozificha Yogesh

Jumamosi, 22 Aprili 1995

Kikao cha kamati ya harusi. Barazani kwangu, chai yangu, maandazi yangu. Na bado nimeaibishwa!

Ajenda ya nne: usafiri wa bibi harusi. Nikatangaza, kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba mwanangu Violeth atapelekwa kanisani na gari la baba yake. Kisha shemeji Ignasi, kaka wa mke wangu na mwenyekiti wa kamati (nani alimchagua?), akauliza kwa upole kama Peugeot yangu bado inatembelea zile tairi vipara. Upole wake ndio unaoniudhi kuliko yote.

Mke wangu Hyasinta akadakia hapo hapo. Akawasimulia jinsi gari lilivyoteleza pale Jangwani mwezi uliopita, mvua inanyesha, likageuka likaangalia tulikotoka. Kweli liligeuka. Lakini hapakuwa na haja ya kuwaonyesha kwa mikono.

Azimio likapita. Harusi ni Jumamosi ijayo, kanisa liko Kigamboni, tutavuka na pantoni, na haya ni masika. Ijumaa saa kumi jioni mwenyekiti atakagua tairi zangu. Zisipofaa, Vio atapanda Corolla ya Ignasi, ile iliyoshuka juzi kutoka Dubai na viti vyake bado vina nailoni.

Baadaye Vio alinifuata jikoni. Akasema, "Baba, mimi nataka gari lako. Ila weka tairi nzuri, naomba." Mtoto huyu nimempeleka shule kwa gari hilo tangu darasa la pili, wakati huo likiwa bado la shirika. Atashuka mlango wa kanisa kutoka gari langu, au nisiitwe baba yake.

Jumatatu, 24 Aprili

Kariakoo tangu asubuhi. Kichwa kinauma.

Nimekuwa ofisa ugavi miaka kumi na tisa, hadi shirika lilipotupunguza. Enzi zetu tairi ilikuwa kwa kibali. Ukipewa ya lori unashukuru, unaanza kutafuta lori. Leo soko huria! Mtaa wa Swahili tairi zimepangwa chini mpaka kwenye bati. Za Japani, za India, za nchi nisizowahi kuzisikia. Zote nje, kweupe, yeyote anashika. Mtu mwenye akili anajiuliza: kama kibovu ndicho kinachowekwa mbele, kizuri kiko wapi?

Kwa hiyo nikaenda kwa Yogesh. Tunajuana tangu mwaka sabini na tano. Wakati wa shida, Yogesh huyu huyu alikuwa anaweka mbele tairi mbili zilizopasuka, na nzuri anazificha chumba cha nyuma kwa wanaojuana. Nimezichukua mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Akanikaribisha vizuri. Akanishushia tairi moja ya dirishani, akaanza somo. Hii ni ya mvua na jua. Mifereji mipana, inatoa maji. Mpira si laini sana, kwa hiyo lami ya Januari haiuli. Akanionyesha namba za ubavuni, kwamba lazima zifanane na za gari langu. Akaikunja kidogo nione kama ina nyufa. Haina.

Mimi muda wote naangalia mlango wa nyuma, juu ya bega lake. Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho lina mchanga. Nikakonyeza tena. Akaniletea maji ya kunawia.

Anajifanya hamnazo. Sawa.

Jumanne, 25 Aprili

Nimekaa kwenye benchi la Yogesh kwa muda wa saa mbili na nusu nikiangalia ule mlango. Taarifa: mtu mmoja ameingia na mfuko, ametoka bila mfuko. Mama yake Yogesh, Bi Lilavati, amepita na sinia lililofunikwa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na nini? Sikuona. Harufu ilikuwa ya bizari, lakini harufu si ushahidi.

Nikajaribu neno la zamani. Nikamwinamia, nikasema taratibu kwamba nimetumwa na Mzee wa Bandarini. Enzi zile ukisema hivyo mlango unafunguka. Yogesh akacheka mpaka akashika kaunta. Akanikumbusha kwamba Mzee wa Bandarini tulimzika mwaka themanini na nane, na mimi ndiye niliyesoma risala.

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kwa nini nahangaika hivi, siku hizi hakuna cha kuficha, mwenye duka anayeficha mali analala njaa. Akaniambia nichukue zile nne za dirishani, harusi ya mtoto si jambo la kuchezea. Alisema kwa huzuni kabisa. Wafanyabiashara wana vipaji.

Siku zimebaki tatu kabla ya ukaguzi. Ignasi amepita nyumbani jioni, eti kusalimia. Amelizunguka gari langu mara mbili, mikono mgongoni, anapiga mluzi.

Jumatano, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Maduka yamefungwa. Afadhali, mambo makubwa hayafanyiki kaunta.

Nimekumbuka kosa langu! Enzi zile hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Saa kumi na mbili asubuhi nikawa Feri kwenye mnada wa samaki. Nikapigania nguru mmoja na mama lishe watatu, nikamshinda wa mwisho kwa sauti. Nguru mzima, anang'aa, urefu wa mkono wangu! Nikampeleka nyumbani kwa Yogesh, ghorofani juu ya duka.

Akafungua Bi Lilavati. Nikasema shikamoo mama, nikamnyooshea samaki kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akapiga yowe. Mlango wa jirani ukafunguka. Wa juu pia. Damu ya nguru imeshatiririka kwenye ngazi zote tatu na kwenye kizingiti alichokuwa amekichora maua ya unga.

Kumbe nyumba ile hawagusi nyama wala samaki, tangu babu na bibi. Miaka ishirini namjua mtu huyu, tumekunywa chai mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni chai tu. Nimeona haya. Nimeona haya sana, naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Yogesh akatoka ndani. Hakukasirika. Akamshika nguru kwa kamba, vidole viwili, akanirudishia. Akasema, "Ndugu yangu Pantaleo, njoo kesho dukani, nitakupa tairi. Samaki, nenda naye nyumbani." Bi Lilavati alikuwa tayari anamwaga ndoo ya pili.

Lakini tazama: amesema kesho. Amesema atanipa. Kumbe nguru amefanya kazi!

Alhamisi, 27 Aprili

Nimefika kabla hajafungua. Yogesh akaniambia zangu ziko tayari. Akaelekeza kidole.

Zile zile za dirishani! Nne, amezishusha, ameziandika jina langu kwa chaki. Eti nilipe nusu sasa, nusu baada ya harusi. Mbele ya wateja! Nikamwambia asante, mimi si wa kuja. Nikatoka. Aliniita mara mbili, sikugeuka.

Pale pembeni ya Mtaa wa Sikukuu mtu akanigusa kiwiko. Mtu mzima, kofia ya kufuma, mwenye adabu. Shikamoo mzee, anaitwa Rajabu. Amenionea huruma tangu Jumatatu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaninong'oneza maneno niliyokuwa nayasubiri wiki nzima: "Mzee wangu, za ndani zipo."

Hatimaye mtu anayejua kazi! Tukapita uchochoro, uchochoro mwingine, ua wa watu wanaosuka, hadi stoo isiyo na dirisha. Tochi ina betri chovu. Pale chini, tairi nne zimefungwa magazeti na kamba. Zimefungwa! Nani anafunga kitu kibovu? Akafunua moja kidogo. Nyeusi tii, mifereji mirefu, kingo kali, hata kidole kinaogopa. Nikataka kushika. Akanizuia: mafuta ya kiwandani hayajakauka. Nikauliza kama ni za mvua na jua. Akasema za mvua, jua, tope, kokoto, na misimu ambayo sisi huku hatuna.

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa kwa furaha. Wamezifunga kwenye gari langu mchana huo huo, uani kwa Rajabu. Mikono yangu imebaki na weusi unaonuka dawa ya viatu. Ndivyo vinavyonuka vitu vipya.

Ijumaa, 28 Aprili

Ushindi!

Saa kumi kamili Ignasi akaja na kamati nzima. Akachuchumaa. Akaangalia tairi ya kwanza, ya pili. Akanyamaza. Shemeji kanyamaza! Nikamwona anatafuta kasoro, na hapati. Akauliza kwa nini namba za ubavuni hazifanani, mbili hivi, mbili vile. Nikamjibu kwamba za ndani ndivyo zilivyo. Akauliza za ndani ya wapi. Nikatabasamu.

Ikabidi aandike kwenye daftari: zimefaa. Hyasinta alinibana bega mbele ya watu, jambo ambalo hajafanya tangu nipunguzwe kazi. Vio akanikumbatia, akaenda kupakwa hina na wenzake. Nikabaki barazani nalitazama gari langu. Nina raha mpaka nahisi vibaya.

Mvua imeanza. Maji yanayopita chini ya gari ni meusi. Vumbi la mtaa huu limezidi.

Jumamosi, 29 Aprili

Naandika suti ikiwa bado imelowa.

Saa mbili asubuhi tuko Magogoni, mvua ya kumwaga. Ignasi mbele na Corolla, kashapanda pantoni. Nyuma yake mimi, suti mpya, utepe mweupe kwenye boneti. Kiti cha nyuma Vio na shela lake, na Hyasinta kando amemshikia maua. Mwenye bendera akaniita. Nikateremka mteremko taratibu. Taratibu kabisa, Mungu ananiona.

Katikati gari likaniacha. Nikakanyaga breki mpaka goti likanyooka. Tairi zimesimama, gari linakwenda! Nikakata usukani kushoto, likaenda kulia, ubavu ubavu, kuelekea kwenye ukingo usio na kitu ila maji. Watu wanakimbia. Hyasinta anaita watakatifu wote. Vio aliita mara moja tu: "Baba!" Sijawahi kuitwa hivyo. Sitaki kuitwa hivyo tena.

Tuliokolewa na mkokoteni wa madafu. Wenyewe waliruka, mkokoteni ukabaki, tukaugonga, ukatukatalia. Madafu yakaingia baharini moja baada ya jingine. Gurudumu la mbele lilikuwa shibiri moja kutoka ukingoni. Nilipima.

Kuli mmoja akainama, akachomoa kipande cha mpira kirefu kama mkanda. Chini yake nyuzi tupu. Akasema, bila ubaya, "Mzee, hivi ni vipara. Vimechongwa kwa kisu cha moto vikapakwa rangi." Watu wakasogea kuangalia. Kila mtu akachungulia.

Ignasi alikuja mbio kwenye mvua, suti yote imelowa. Akafungua mlango wa nyuma, akamshika mpwa wake mkono. Hakusema neno kwangu. Nilitamani aseme. Aseme tu, anitukane, yaishe!

Vio akapandisha gauni magotini, akapita kwenye maji, akafika Corolla. Akageuka. Akasema, "Baba, na wewe panda." Nikapanda. Nikakaa juu ya nailoni. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka Kigamboni. Nililia kidogo. Mvua ilinisaidia.

Kwenye pantoni nilimuuliza Ignasi tairi zake kazitoa wapi. Akasema kwa Yogesh, za pale dirishani, wiki mbili zilizopita.

Tulichelewa dakika ishirini. Padre alisubiri. Mwanangu alikuwa mzuri kupita kiasi.

Jumapili, 30 Aprili

Gari limesukumwa kando ya geti la pantoni. Hyasinta hazungumzi nami, ananipa chakula kwa kukisogeza. Rajabu hajulikani alipo. Kwenye ile stoo wanaweka vitunguu na wanasema ni vyao tangu zamani.

Mchana Yogesh akaja mwenyewe nyumbani, ametumwa na mama yake, na boksi la pipi za harusi kwa ajili ya Vio. Amesikia. Dar nzima imesikia. Akasema zile nne bado zina jina langu, nizichukue bure, nilipe nikiweza. Nikauliza, na za chumba cha nyuma je? Akanitazama sana. Kisha akanishika mkono kama mgonjwa, akanipeleka dukani, akafungua ule mlango wa nyuma, akawasha taa, akaniambia niangalie mpaka niridhike.

Nikaangalia. Baiskeli moja, ngazi ya mbao, kalenda ya mwaka juzi. Kitupu! Nikagonga kuta. Nikainua mkeka. Yogesh alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeona, ndugu yangu?"

Nimeona. Nikamshukuru, nikamwambia tairi za dirishani nitazifikiria.

Nimekuwa ofisa ugavi miaka kumi na tisa. Hakuna duka Kariakoo lenye chumba kitupu, kodi ilivyo. Na kimefagiwa! Nani anafagia chumba kitupu? Amezihamisha. Amezihamisha jana, wakati mimi niko Kigamboni na kila mtu anajua niko Kigamboni.

Vio na mumewe wanakuja kutusalimia Jumatano. Nimemtumia ujumbe wasipande gari la mtu, nitawafuata mwenyewe na gari langu. Kesho Mei Mosi, mji mzima umelala. Naanza kuzitafuta kwenye maghala ya Gerezani.