Malalamiko Kuhusu Kioo Kilichozimika Ukweni Kikatiti

Maji ya Chai, Arusha
Aprili 2004

Kwa Mhandisi Elimringi,
Mtengenezaji wa Draiva za Vitufe na Mwanga wa Kioo,
Huko Ng'ambo.

Ndugu Mhandisi (na mwanangu pia, maana baba yako ni kaka yangu),

Marahaba. Naipokea shikamoo yako mapema ili tusicheleweshane.

YAH: UKOSEFU WA ADABU WA DRAIVA YAKO

Laptopu uliyonitumia ilifika salama, na nimeringa nayo kuliko umri wangu unavyoruhusu. Ulinieleza kwenye simu kwamba kazi yako huko ni kuandika draiva, yaani ile programu ndogo inayokaa kati ya kitufe na kompyuta. Mtu akibonyeza, ndiyo inayopeleka habari; na ndiyo inayoamua kioo king'ae au kififie. Nilikupa hongera. Leo naomba unirudishie sehemu ya hongera hiyo.

Kama ujuavyo, Philemoni wangu anataka kumwoa Jackline wa Kikatiti. Tulipokwenda kuposa nilijitolea kuwa katibu wa upande wetu, nikaingia na laptopu ili wakwe waone kwamba na sisi tumo. Mama Philemoni alikuwa ameniambia, "Baba Philemoni, chukua daftari tu." Sina haja ya kuliendeleza jambo hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee Efraimu, baba mkubwa wa binti, alisimama kueleza asili ya ukoo wao. Wewe umekulia hapa: mzee akizungumza, mikono inatulia mapajani. Yangu ilitulia. Draiva yako ikaona vitufe havibonyezwi, ikakata shauri kwamba hakuna mtu. Mzee hata hajafika kwa babu wa babu yake, kioo kikafifia, kisha kikazima kabisa. Mbele za watu ikawa kama katibu amefunga kumbukumbu mzee angali anasema. Naomba draiva ijifunze kutofautisha mtu aliyeondoka na mtu mwenye heshima.

2. Niligusa kitufe, kioo kikaamka, lakini hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Ili kuongeza mwanga, ulipanga mtu ashikilie kitufe cha pembeni kushoto, wakati huo huo abonyeze chenye picha ya jua, kule kulia. Ulipanga hivyo ukidhani binadamu ana mikono miwili. Ukweni hana. Mkono mmoja una kikombe cha loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, alichokupa mama wa binti, na kikombe hicho hakiwekwi chini mpaka kiishe. Changu kilijaa hadi ukingoni, na mimi, unanijua, si mnywaji wa haraka.

3. Nikatanua vidole vya mkono uliobaki kama mtu anayepima kitambaa. Kidole kikaikosa picha ya jua, kikatua kwa jirani yake, mwenye picha ya spika. Draiva yako, ambayo kwenye mwanga ilikuwa ikijivuta, kwenye sauti ilitii mara moja. Sauti ilipofika juu kabisa, kompyuta ikaona ndiyo saa ya kutangaza kwamba betri imepungua. Ilipiga mlio ambao kuku wa jirani waliujibu. Mzee Efraimu akanyamaza, akanitazama, akaketi. Nyuma yangu shangazi mmoja wa binti akasema taratibu, "Hata mashine yao imechoka kumsikiliza." Kikao kikaahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Tangu siku ile Philemoni anakula kama mtu anayetoka kulazwa, na akipita karibu na laptopu anaitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyemuuma mgeni.

4. Kwa hiyo naomba kitufe cha sauti kikatae amri ya mtu yeyote mahali alipo mtu mwenye mvi anayesema. Ukiona ni vigumu kompyuta kuziona mvi, hilo ni lako la kutatua, mimi sikusomea.

5. Naomba mwanga unaporudi uje polepole, kwa kupiga hodi, si kummulika mama mkwe usoni kama mwizi wa ndizi.

6. Naomba draiva iletwe Maji ya Chai ikae kwa bibi yako Nashilu msimu mmoja. Ndiye aliyekufundisha wewe kutojibu kabla mkubwa hajamaliza, na ulikuwa mgumu kuliko programu yoyote.

7. Mwisho, kwa kuwa aliyemkatiza mzee hutozwa faini ya kondoo, na kwa kuwa draiva haina miguu ya kumpeleka, itabidi mwandishi wake aje Kikatiti mwenyewe, amshike kamba, aombe radhi. Nauli ya ndege haituhusu.

Marekebisho yatume haraka kwa barua pepe. Kijana wa intaneti kafe ya Levolosi atayapokea na kunipigia simu. Posa ya mdogo wako iko mikononi mwako, au tuseme vidoleni.

Wasalimie wote huko, pamoja na bosi wako, na yule mwenzako wa draiva za kipanya ambaye sina ugomvi naye. Bibi Nashilu anasema uvae sweta.

Nikiwa na mkono mmoja huru,
Baba yako mdogo,
Anaeli

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha amefika baba yake Jackline, peke yake, anacheka tangu getini. Anasema, "Mkwe, kaka yangu ni mkubwa wetu sote, hakuna wa kumwambia aketi. Kwenye posa ya binti yangu wa kwanza alisema mpaka wageni wakaenda kukamua ng'ombe wakarudi. Hii ndiyo mara ya kwanza ameketi mwenyewe." Mzee Efraimu naye hana kinyongo, anaamini mlio ule ni kipimo cha hotuba kilichowekwa na serikali. Posa imekubaliwa. Jumamosi tunakwenda kupanga siku ya harusi, kwa sharti moja: katibu aje na mashine ile ile, na ikae ikimwelekea mzee. Basi mwanangu, draiva usiiguse. Kama umeshaanza kuirekebisha, iharibu tena kama ilivyokuwa. Na ukiweza, kioo kizime na mlio uje mapema zaidi.