Prosesa Mbili Zisizosikilizana, na Hatima ya Ndoa Yenu

Kwa Shemeji Mtarajiwa,
Fundi Kompyuta.

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa zinapungua kadiri barua inavyoendelea. Mimi, dada mkubwa wa mchumba wako na mwenye duka la kuchapa kadi, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta uliyonitengenezea imekataa.

Ulitaka kuiwekea prosesa mpya, huo ubongo wake, peke yake. Nikakataa. Ile kongwe ndiyo niliyoanzia biashara, na bodi ina nafasi mbili. Hesabu haina huruma: moja kujumlisha moja ni mbili. Ukacheka, ukasema, "Haya dada, kidole kimoja hakivunji chawa," ukazifunga zote. Matokeo ni haya:

1. Mpya ina mbio, kongwe ina subira. Kwa kuwa sharti ziende pamoja, mpya imejifunza kujikokota. Nimejumlisha moja na moja, nimepata nusu.

2. Mpya ikianza kazi kisha ikaikabidhi kwa kongwe, kongwe haielewi imeambiwa nini, na kompyuta inazimika. Kadi ya kwanza ya harusi yenu imetoka ikisema "Familia ina furaha kukualika kwenye", basi. Kwenye nini, mgeni ajijue.

3. Hazikubaliani hata saa. Kongwe inahesabu kuanzia alfajiri, kama mtu aliyelelewa. Mpya inahesabu kuanzia usiku wa manane, kama mlevi. Kwenye kadi ya pili, upande mmoja harusi ni saa nne, upande mwingine saa kumi. Bibi harusi atafika asubuhi, wewe jioni.

4. Sasa najiuliza: fundi aliyeshindwa kupatanisha vidude viwili visivyo na wakwe, ataishije na mdogo wangu? Yeye anamaliza hadithi wewe bado unatafuta miwani uisikilize vizuri.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, lete prosesa ya tatu, ya umri wa makamo, iamue ugomvi wa hizi mbili. Pili, mkishaoana, nami nihamie kwenu kwa kazi hiyohiyo. Chumba cha nyuma kitanitosha. Bila hayo kadi sichapi, na harusi isiyo na kadi ni kikao cha majirani.

Nisalimie mama, baba, na yule shangazi asiyecheka.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini mwenye adabu,
Dada Mkubwa

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mdogo wangu ameifungua kompyuta na kuichomoa kongwe. Imewaka palepale. Kadi zote zimetoka, sentensi nzima. Harusi sasa ni saa kumi pande zote mbili, kwa hiyo angalau mtafika pamoja. Anasema usiwe na wasiwasi, aliyechomolewa si wewe. Nikamuuliza, na chumba cha nyuma je? Akanitia kongwe mkononi, akaufumba mkono wangu taratibu, akasema, "Dada, wewe utakuja Jumapili."

Nimeelewa ni Jumapili zote.