Kishikio cha Kabati la Vikombe

Enyi mlioketi, nanyi mliosimama kwa kuwa viti vya siku hizi havikaliki, tulieni niwahadithie jinsi Fundi Mzee, seremala wa miaka arobaini, simba wa randa, mtawala wa misumeno, alivyoiteka ngome nyeupe kwa skrubu mbili.

Ngome yenyewe ilikuwa jiko la mwanawe. Mpambaji wa nyumba, mtu wa suruali fupi na maneno marefu, alikuwa amepita humo kama nzige. Kuta nyeupe, sakafu nyeupe, makabati meupe toka chini hadi darini, na katika milango kumi na minane hapakuwa na kishikio hata kimoja. Ukitaka kufungua, eti bonyeza. Mlango utakuja wenyewe ukipenda. Hayo akayaita utulivu. Ukisimama mle ungedhani umeitwa kuutambua mwili wa marehemu.

Sasa mkewe Fundi, malkia wa birika, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Miaka mitatu aliomba aje aishi karibu na wajukuu, na hiyo ilikuwa siku ya nne tu tangu wahamie. Akaupapasa ule weupe akitafuta kikombe, akabonyeza huku, akabonyeza kule, likafunguka kabati la takataka. Akaketi.

"Baba nanihii, nirudishe kwetu," alisema. "Tangu lini mimi nikangoja mkwe arudi kutoka kazini ndipo ninywe chai? Nilikuja mzima. Nyumba hii ndiyo inayonifanya mgonjwa."

Neno hilo lilimchoma Fundi kuliko patasi. Akafungua mkoba wake wa vyuma, akatoa kishikio cha shaba kilichopiga weusi kwa uzee, akashika keekee, akaushambulia mlango. Unga wa mbao ukatimka kama moshi wa mizinga.

Ndipo adui akaingia, ameletwa na yule mwana mwenye nyumba aje kupiga picha za kazi yake.

"Mzee, mzee, unafanya nini? Umeukata mstari! Jicho linatakiwa litiririke toka dirishani hadi kwenye friji, lisikwame popote."

"Jicho la nani?" Fundi aliuliza, huku akizungusha bisibisi. "La mke wangu limekwama tangu Jumatatu. Kijana, nimetengeneza milango ya watu, ya mbuzi na ya kuku. Sijatengeneza mlango wa kubembelezwa."

"Lakini kitaonekana kama nzi kwenye maziwa."

"Ndiyo kazi yake. Kionekane. Sogea, unanizibia mwanga."

Mpambaji akamgeukia mwenye nyumba kuomba jeshi la msaada. Mwenye nyumba akamtazama mamaye, akaona mkoba wake wa safari uko miguuni, umeshafungwa.

"Mwache baba amalize," akasema.

Skrubu ya pili ikauma. Mama akainuka, akaliona lile doa jeusi, akanyoosha mkono moja kwa moja, asipapase, akavuta. Kabati likasalimu amri. Akatoa vikombe vinne, na kimoja akampa hata yule mpambaji, maana mateka nao hunywa.

Basi iandikwe, na wasomao waelewe: siku ya Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, mwanamke mmoja alijimiminia chai ndani ya nyumba ya kisasa, na nyumba haikuanguka.