Dirisha la Bondeni na Mguu Wangu

Ijumaa, tarehe 9
Tumefika chini ya kilima. Magari mwisho hapa! Mji uko juu na hauruhusu hata pikipiki. Ngazi mia tatu na kumi na mbili. Mizigo hupandishwa kwa punda, wagonjwa pia. Nyumba ya wageni ina chumba kimoja tu chenye dirisha la kutazama bonde. Anayetangulia ndiye anayechagua. Nimemwahidi mke wangu dirisha hilo. Tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na ule wa tisa niliusahau. Nikikosea tena, nimekwisha.

Tatizo ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Hukimbia kila alfajiri, tena kwa hiari yake! Mama mkwe, ambaye pia tumekuja naye, humwita “mwanangu”. Mimi huniita “huyu”.

Saa tisa alasiri nikateguka mguu. (Sijateguka.) Nikapakiwa juu ya punda. Nilimpita mwanyumba kwenye ngazi ya arobaini, nikampungia mkono kwa unyonge. Raha iliyoje!

Jioni. Balaa. Mwenye punda alisema mgonjwa huanzia zahanati. Nikamwambia nimepona. Akasema wote hupona wakiona lile jengo. Nimefungwa bandeji mpaka gotini. Kufika, mwanyumba kashatangulia na kukishika chumba. Kwa ajili yetu! Eti zawadi ya miaka kumi. Lakini mwenye nyumba kakataa: mguu mbovu haupandi ghorofani. Niko kando ya jiko. Dirisha ninalo, linatazama mapipa ya taka. Mama mkwe kalala na mke wangu kule juu.

Jumamosi
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuzijua ngazi hizi. Wenzangu wamekwenda kutembea. Mpishi kasema mikono yangu haijateguka, kanipa beseni la viazi. Jioni nikasahau, nikachechemea mguu usio na bandeji. Mama mkwe akauliza kama ugonjwa umehama. Nikasema maumivu yanatambaa.

Jumapili
Punda wote wamebeba mizigo. Mwanyumba kanishusha mgongoni, ngazi zote, bila kuhema! Mke wangu alitembea kando yetu. Aliniambia polepole kwamba alijua tangu Ijumaa. Dirisha hakulitaka kivile. Alitaka tupande pamoja, tukichoka tukae, tukipumzika tuendelee. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Nilitaka kushuka palepale. Lakini mama mkwe alikuwa nyuma yetu. Nikakaa.

Jumatatu
Nimetafakari sana. Maneno ya mke wangu yameniingia. Nimemwahidi tutarudi mwezi ujao, sisi wawili tu, tupande kwa miguu kama alivyotaka. Kafurahi mpaka kanishika mkono mbele ya mama yake.

Kosa langu nimeliona. Lilikuwa mguu. Miguu ni miwili, mtu hujichanganya. Mgongo ni mmoja tu.

Tangu asubuhi naushikilia.